Simu ilimpa majibu ya kweli, mbona akapata 3 kwa 10?

"Habari ya jioni mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza omena Gikomba, natoka nyumbani saa kumi alfajiri na narudi saa mbili usiku. Kijana wangu yuko Fomu 3, shule ya kutwa. Juzi walipewa homuwaki ya historia, waeleze sababu tano zilizofanya Waingereza wajenge reli ya Uganda, maksi 10. Nikamnunulia bando, akauliza hiyo AI ya simu, akaandika ukurasa mzima na mwandiko mzuri. Amerudi na 3 kwa 10 na mwalimu ameandika na biro nyekundu 'soma swali'. Nimesoma mwenyewe, sioni uongo hapo, picha ya ukurasa ndiyo hiyo. Alichoandika ni kweli ama si kweli? Niwe namwandikia mimi, ama nilipe tuisheni ya jirani na ni pesa sikuwa nimepanga? Halafu msichana wangu wa Gredi 5, kila akiulizwa Kenya ilipata uhuru lini anaandika kitu tofauti, na nimeona akisoma anaruka mistari. Mimi niliishia darasa la nane, najiona siwezi kuwasaidia."

Mzazi mwenzangu, wacha nianze na lile linalokuuma zaidi. Alichoandika kijana ni kweli. Pointi zote tano ni za kweli, simu haikumdanganya, na mwalimu wake pia hakumwonea. Najua hayo mawili yanaonekana hayawezi kukaa chumba kimoja lakini hiyo ndiyo shida kubwa ya maswali ya historia, nimeisahihisha miaka mingi hapa Eastlands, mtoto anajaza karatasi na ukweli mtupu na mwisho wa siku maksi hana.

Nimeikuza hiyo picha nikasoma mstari kwa mstari. Pointi ya kwanza anasema reli ilijengwa kuunganisha Uganda na pwani, akaongeza kwamba Uganda haina bahari kwa hivyo mizigo yake ilikuwa lazima ipite Mombasa. Hiyo ni 2, safi kabisa. Ya pili, simba wa Tsavo walikula wafanyakazi. Ya tatu, mji wa Nairobi ulikua. Ya nne, Wahindi walikuja wakafungua maduka. Ya tano, kusafirisha wanajeshi haraka, halafu akaweka nukta akaenda kulala. Sasa hesabu na mimi, ya kwanza 2, ya tano 1 juu ametaja bila kueleza, hizo tatu za katikati sufuri. Jumla 3. Mwalimu alihesabu sawasawa.

Kwa nini sufuri na ni kweli? Kwa sababu swali liliuliza kitu kimoja tu, sababu, yaani kilichomsukuma mtu kuanza hiyo kazi. Simba si sababu, simba ni shida waliyokutana nayo njiani. Hao simba wawili wa Tsavo walisumbua mwaka wa 1898 mpaka injinia wa daraja, Patterson, akawaua wote Disemba ya mwaka huohuo, na reli ilikuwa imeanza Mombasa 1896, miaka miwili kabla. Nairobi nayo ni matokeo, reli ilifika hapa 1899 ikakuta tambarare yenye majimaji ambapo Wamaasai walikuwa wananywesha ng'ombe, jina lenyewe ni la Kimaasai la maji baridi, hakukuwa na mji. Huwezi kujenga reli ili ukuze mji ambao haupo. Na Wahindi, zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga, karibu 2,500 wakafia kazini, wengi wakarudi kwao mkataba ulipoisha, waliobaki ndio pamoja na wengine waliokuja baadaye wakafungua maduka mpaka ndani ndani huko. Matokeo tena.

Kwa hivyo kijana alichukua vikapu vitatu, cha sababu, cha shida za njiani na cha matokeo, akavimwaga kwa meza moja. Kitu cha kumfundisha leo, na hakihitaji cheti chochote, ni neno "ili". Kila pointi akishaiandika aisome hivi: Waingereza walijenga reli ILI... halafu amalizie na pointi yake. Ili simba wale watu? Hapana. Ili Nairobi ikue? Hapana. Ili wasafirishe wanajeshi? Ndiyo, hiyo inakaa. Kama "ili" imekataa, ajaribu "kwa hivyo": reli ikajengwa, kwa hivyo Nairobi ikakua. Ikikubali hapo basi hiyo ni matokeo, aiweke pembeni, siku swali la matokeo litakuja na litakuja tu, kwa hii reli huwa wanauliza vyote viwili. Mtihani wa pili ni wa tarehe. Hilo jambo lilikuwepo kabla ya 1896? Kama lilitokea baada ya hapo haliwezi kuwa sababu ya kuanza.

Sasa tuingie kwa sababu zenyewe, na hapa nataka tukae kidogo juu watoto wengi wanazikariri kama majina ya stesheni bila kujua gari linaenda wapi. Wewe unauza omena. Unajua kabisa gunia likitoka ziwani bei yake ni nyingine na likifika Gikomba bei yake ni nyingine, na katikati hapo kitu kikubwa ni usafiri. Sasa toa lori, toa barabara, mpe mtu mmoja mzigo wa kama kilo 30 kichwani atembee kutoka Mombasa mpaka ziwani, karibu kilomita 900 na kitu, apite nyika ya Taru isiyo na maji, na punda na ng'ombe huwezi kutumia sehemu nyingi juu ya mbung'o. Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa kabla ya reli. Karibu kitu pekee kilicholipa safari ya namna hiyo ni pembe za ndovu, bei yake ni kubwa na haziozi. Mtu mwenye akili ya biashara, na wewe unayo, ataona mara moja kwamba bila usafiri wa bei nafuu Uganda haina faida kwa mtu wa London. Hiyo ni sababu ya kiuchumi na umeielewa bila kufungua kitabu.

Lakini ya uchumi siyo kubwa kuliko zote, hayo ni maoni yangu na nayasimamia. Kubwa ilikuwa maji. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, meli za Uingereza zikawa zinapita hapo kwenda India, na India ndiyo ilikuwa mali yao ya thamani zaidi. Ili wailinde hiyo njia wakaiteka Misri 1882. Misri inaishi kwa maji ya Nile. Na Nile, mpelelezi wao Speke alikuwa ameona 1862 kwamba inatoka kwa hili ziwa letu, Victoria, pale Jinja. Unaona uzi unavyoenda? India inalindwa na Suez, Suez inalindwa na Misri, Misri inanyweshwa na Nile, Nile inatoka Uganda, kwa hivyo mtu mwingine akishika Uganda amekushika koo. Na Wajerumani walikuwa hapohapo chini, Tanganyika. Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani wakaandikiana mkataba, Uganda ikaangukia upande wa Waingereza, 1894 wakaitangaza iko chini ya ulinzi wao, 1895 wakafanya vivyo hivyo na hii nchi yetu baada ya ile kampuni iliyokuwa inaiendesha kuishiwa na pesa. Mwaka uliofuata reli ikaanza. Mtoto akishaushika huo uzi hawezi kuandika simba kama sababu hata umwamshe saa nane usiku.

Kuna zile za kuongezea. Kusafirisha wanajeshi na maofisa ni kweli, lakini aeleze: kufika Uganda kwa miguu kulichukua miezi, maasi yakitokea unafika mambo yameshaharibika. Anaweza kuongeza kwamba 1897 wanajeshi Wasudani waliokuwa wanawatumikia Waingereza huko Uganda waliasi, hiyo ilitokea ujenzi umeshaanza kwa hivyo haikuwa sababu ya kuanza, ila inaonyesha hofu yao haikuwa ya bure. Ya biashara ya watumwa pia inakubalika, kwenye mkutano wa Brussels wa 1890 mataifa ya Ulaya yaliandika kabisa kwamba reli ni njia moja ya kuua hiyo biashara, kwa sababu gari la moshi likibeba mizigo hakuna haja ya msafara wa watu waliofungwa minyororo. Na kushikilia nchi kwa vitendo, juu baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 kudai sehemu ya Afrika kwa mdomo kulikuwa hakutoshi, mataifa mengine yanataka kuona uko pale. Hizo zinamtosha na zinabaki.

Kuhusu walowezi nisimame kidogo. Vitabu vingine vya shule vinaweka "kufungua nchi kwa walowezi" kwenye orodha ya sababu na vingine vinaweka kwenye matokeo, na watoto wanagombana nayo kila mwaka. Ukifuata tarehe, msukumo mkubwa wa kuita walowezi ulikuja reli ikiwa imeshafika ziwani Disemba 1901. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemwaga zaidi ya pauni milioni 5 na hakukuwa na mizigo ya kutosha ya kuzirudisha, kwa hivyo kamishna wa wakati huo, Charles Eliot, akawaita Wazungu waje wachukue ardhi walime ndiyo reli ipate mizigo. Mimi ningeiweka kwa matokeo. Lakini kama kitabu cha darasa lao kinaiweka kwa sababu, kijana aandike vile kitabu kinasema na amuulize mwalimu darasani, kwa heshima, mwalimu anayeipenda kazi yake atafurahi kuulizwa hilo swali. Na kama atataka kujua kwa nini inaitwa reli ya Uganda na iliishia Kisumu, mwambie Kisumu yenyewe ilihesabiwa Uganda hadi 1902 mpaka wa nchi uliposogezwa, Kampala gari la moshi lilifika 1931. Hilo huwa hawalisahau.

Kitu cha pili kilichomnyima maksi ni neno "eleza". Maswali yao yako kwa Kiingereza lakini kazi ni ileile. Wakisema taja, maksi ni moja moja, unataja unaenda. Wakisema eleza, sababu tano maksi 10, gawanya, kila moja ni 2, moja ya kutaja na moja ya kuonyesha ilivyofanya kazi. Hapo ndipo pointi yake ya tano ilikatika katikati. "Kusafirisha wanajeshi haraka" ni nusu ya jibu, inakosa ule mkia wa kwa nini haraka ilihitajika na reli ingesaidiaje. Mfundishe ahesabu maksi kabla ya kushika biro, hiyo hesabu inamwambia aandike kiasi gani. Na jadili ni hivyo tena ila kwa urefu zaidi, pande zote.

Sasa hiyo simu. Sitakwambia umnyang'anye, na wazazi wengine wanafanya hivyo halafu mtoto anaenda kwa simu ya rafiki. Shida si kwamba hiyo AI haijui historia, mara nyingi inajua. Shida ni kwamba inajibu ulichoandika, na kijana wako kwa haraka yake pengine aliandika tu "reli ya Uganda" ama "ujenzi wa reli ya Uganda", ikampa kila kitu kuhusu reli, simba, Nairobi, Wahindi, yote kwa lugha laini isiyo na kona. Yeye akachagua tano zenye utamu. Na simba ni watamu, hata mimi ningewachagua nikiwa na miaka 16. Halafu kuna wakati hiyo mashine inakosea kabisa, inatoa tarehe ya uongo kwa sauti ileile inayotolea ya kweli, na mtoto ambaye hajasoma kitabu hana namna ya kujua. Kwa hivyo ruhusu simu lakini iwe ya pili. Kwanza aandike zake kwa penseli kutoka kwa kitabu na kichwa chake, hata kama ni mbili, kisha ndiyo aulize simu, na asiulize jibu, aulize "hii pointi yangu ni sababu ama ni matokeo, na kwa nini". Halafu tarehe yoyote ambayo simu imetoa aitafute kwa kitabu. Asipoipata asiitumie.

Umeuliza kama uwe unamwandikia. Hapana dada yangu, na sisemi kwa ukali. Miaka yangu ya kwanza ya kazi nilikuwa naandika noti ubaoni kuanzia kengele mpaka kengele, watoto wananakili, madaftari yanapendeza, na mtihani ukija wanaandika yaleyale ya ubaoni kwa swali ambalo si lake. Nilikuwa nimewafanyia kazi yao ya kufikiri, wakabaki na ya kuandika tu. Ukimwandikia, hata ukiandika vizuri, unamfanya vilevile.

Lakini kusema huwezi kumsaidia juu uliishia darasa la nane, hilo nalikataa. Mtu wa kumsaidia mtoto na historia hahitaji kujua majibu, anahitaji kuuliza na kutoridhika haraka. Unaweza kufanya hivyo ukimenya viazi. Wacha nikuonyeshe vile inaenda, hii nimeifanya na watoto wa shule na wa kwangu pia:

Unamuuliza, nani alitaka hiyo reli? Atasema Waingereza. Muulize, wa hapa ama wa kwao? Atafikiri kidogo, serikali yao, London. Walikuwa wanataka kufika wapi? Uganda. Uganda kulikuwa na nini? Ziwa. Ziwa tu? Ziwa hata sisi tunalo. Hapo atanyamaza, na wewe nyamaza, endelea na viazi, usimpe. Atafungua kitabu. Nile inaanzia hapo. Sasa Nile ina kazi gani kwa mtu wa London? Atafungua kitabu tena ama atakwambia hajui, kama hajui mwambie hilo ndilo swali la kuuliza mwalimu kesho. Umeona? Hujatoa jibu hata moja na yeye ametoka Uingereza mpaka Jinja kwa miguu yake. Maneno manne tu, nani, alitaka nini, nini kilimzuia, hiyo kitu ingemsaidiaje. Yanafanya kazi kwa reli, yanafanya kazi kwa Mau Mau, kwa Wanandi walivyoipinga hiyo reli mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa 1905, kwa Mekatilili na Wagiriama 1913 na 1914, kwa kila swali la sababu watakaloleta.

Tuisheni sasa. Nitakuwa mkweli, inategemea ni ya nini. Kama huyo jirani anakaa na watoto wachache, anawapa swali, wanajibu, anawasahihishia na kuwaambia hapa umekosea kwa sababu hii na ile, hiyo ni pesa iliyoenda mahali pazuri. Kama ni watoto 20 sebuleni wananakili noti nyingine juu ya zile za shule, weka pesa yako. Nenda siku moja usimame mlangoni dakika kumi usikie nani anaongea zaidi, mwalimu ama watoto. Kabla hujalipa chochote, mwambie kijana aende kwa mwalimu wake wa historia na hiyo karatasi ya 3 kwa 10, wakati wa mapumziko, aseme "mwalimu nimeandika upya, naomba uniangalilie". Hiyo ni bure. Nimefundisha mamia ya watoto na waliowahi kuniletea kazi waliyorudia wenyewe ni wachache mno, na hao wachache ndio niliowajua kwa majina mpaka leo.

Kama nyumbani ni kelele, huku Eastlands kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, kuna meza na kuna vitabu. Na Jumamosi moja ukipata nafasi, wapeleke wote wawili Makumbusho ya Reli karibu na stesheni, kuna ada ya kuingia lakini nadhani inastahili. Waonyeshe behewa namba 12. Ndani ya hilo behewa ofisa wa polisi wa reli anaitwa Charles Ryall alikuwa amelala akingoja kumpiga risasi simba pale Kima mwaka wa 1900, simba akaingia akamtoa kwa dirisha. Wanasimama hapo wanashika ubao wake, wanaona dirisha lilivyo dogo. Mkitoka muulize kijana: hii ilikuwa sababu, shida, ama matokeo?

Nije kwa msichana. Hilo la uhuru si kwamba hajui, anachanganywa na tarehe zetu wenyewe kwa kuwa ziko tatu zinafanana na zote zina bendera. 1 Juni 1963 ni Madaraka, tulianza kujiendeshea mambo ya ndani, Kenyatta akawa waziri mkuu, lakini ulinzi na mambo ya nje vikabaki mikononi mwa Waingereza. 12 Disemba 1963 ndiyo uhuru wenyewe, bendera yao ikashuka yetu ikapanda, ila malkia wa Uingereza akabaki mkuu wa nchi akiwakilishwa na gavana mkuu. 12 Disemba 1964 ndiyo jamhuri, malkia akatoka, Kenyatta akawa rais. Mbili za mwisho zinaangukia tarehe moja, mwaka tofauti, na tunazisherehekea siku moja tunaiita Jamhuri. Mtoto wa Gredi 5 akichanganyikiwa hapo mimi simlaumu hata kidogo. Mchoree mstari mmoja kwa karatasi, alama tatu, kila alama aandike nani alikuwa mkubwa wa nchi siku hiyo. Ubandike kwa mlango wa kabati ama mahali atauona akivaa viatu.

Lakini hilo la kuruka mistari ndilo lililonifanya nijibu barua yako mapema, kwa hivyo tafadhali usilipite. Usiku mmoja ukirudi chukua maswali matano ya somo la jamii kutoka kwa kitabu chake, yale ambayo hajayafanya. Mawili asome mwenyewe kwa sauti na ajibu kwa mdomo. Matatu msomee wewe, polepole, ajibu kwa mdomo pia. Kama unapomsomea anajibu vizuri na anaposoma mwenyewe anapotea, basi shida si historia na si uvivu, ni kusoma, na mzazi akimchapa ama akimwita mvivu kwa hilo anamfanya auchukie ukurasa wenyewe. Anza na macho, yapimwe, watoto wengi hawasemi hawaoni kwa kuwa hawajui wengine wanaonaje. Angalia kama anasogeza kitabu puani, kama anafumba jicho moja, kama kichwa kinamuuma jioni.

Macho yakiwa sawa na bado anaruka, nenda kwa mwalimu wake wa darasa ana kwa ana, usimtume mtoto na kikaratasi. Muulize akisoma darasani inakuwaje, na umwambie ulichoona nyumbani na hayo maswali matano. Uliza kuhusu EARC, hivyo ni vituo vya serikali vya kupima watoto wenye shida za kujifunza, viko chini ya Wizara ya Elimu na shule inaweza kumwandikia barua ya kwenda. Kupimwa si kutiwa doa, ni kujua afundishwe vipi. Mimi kupitia simu siwezi kukwambia ana nini na mtu yeyote atakayekwambia kwa simu usimwamini, huyo mtoto anahitaji mtu akae naye mezani na kitabu.

Kwa wakati huu mpe rula, ama kipande cha karatasi ngumu, aweke chini ya mstari anaousoma na akisogeze mwenyewe mstari ukiisha. Kijana wako wa Fomu 3 anaweza kukaa naye dakika kumi na tano kila jioni kabla hujafika, amsomee yeye maswali na msichana ajibu, hiyo itawasaidia wote wawili juu kijana naye ndiye anayehitaji kujifunza kusoma swali mpaka mwisho. Niandikie macho yakishapimwa, na unitumie picha ya hiyo homuwaki ya reli akishairudia, nitaisahihisha.